Kombe la mwaliko lirudi Gombani, na safari hii lifike hadi Shumba

KUTOKA Shumba hadi Uwanja wa Gombani si mwendo wa kwenda dukani kununua vocha. Shumba iko kule juu, Wilaya ya Micheweni, Kaskazini Pemba. Gombani ipo Chake Chake, Kusini. Shabiki anapanda gari, anaikata Wilaya ya Wete, ndipo anaingia Chake. Mechi ikipigwa usiku, namna ya kurudi nayo inakuwa mechi nyingine, tena haina dakika za nyongeza.

Lakini Januari 2025 safari hiyo ilikuwa na maana. Mpemba hakuhitaji kupanda boti kwenda Unguja, wala kukaa kwenye baraza lenye televisheni, ili aone timu za taifa zikigombea kombe. Zilimfuata kisiwani kwake.

Zanzibar Heroes walikuwepo. Kilimanjaro Stars ya Tanzania Bara ilikuwepo. Harambee Stars ya Kenya ilivuka maji, na Burkina Faso wakatoka huko Afrika Magharibi mpaka Pemba. Timu nne, kombe moja, uwanja mmoja.

Halafu mwaka uliofuata, kimya. Kombe la Mapinduzi la 2026 likarudi kwa klabu kama ilivyozoeleka, na timu za taifa zikakaa pembeni. Si kosa klabu kucheza. Kosa ni kuliacha lile la 2025 lipite kama mvua ya siku moja, wakati kwa Zanzibar lile ndilo kombe lenye uzito kuliko mengi.

Kombe lenyewe lilivyokuwa

Kombe la Mapinduzi linachezwa tangu 2007, kila Januari, kuadhimisha Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Kwa miaka yote hiyo lilikuwa kombe la klabu. Simba, Yanga na Azam wanakuja, klabu za Zanzibar zinakaza, na wageni wanaalikwa. Wageni wenyewe si wa kupiga picha tu. KCCA ya Uganda ilibeba ndoo 2014 kwa kuifunga Simba fainali, na URA, nayo ya Uganda, ikaibeba 2016. Wenyeji nao wamejibu. Mlandege imelitwaa mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, na hiyo ya pili iliitungua Simba bao 1-0.

Mwaka 2025 waandaaji wakageuza meza. Klabu zikapumzishwa, zikaitwa timu za taifa. Sababu ilieleweka. Fainali za CHAN, zile za wachezaji wa ligi za ndani, zilikuwa zianze Februari katika nchi za Kenya, Tanzania na Uganda. Makocha walihitaji mechi za kujipima.

Januari 3, Zanzibar Heroes wakafungua kwa kuichapa Kilimanjaro Stars bao 1-0. Hiyo peke yake ilitosha kumfanya mtu wa Pemba alale anacheka. Kenya na Burkina Faso wakatoka sare ya 1-1. Kenya ikaja ikaichapa Kilimanjaro Stars mabao 2-0. Fainali ikapigwa Januari 13, Zanzibar Heroes dhidi ya Burkina Faso, na ubao ukasomeka 2-1. Kombe likabaki nyumbani.

Siku iliyofuata, Januari 14, CAF ikatangaza kuisogeza CHAN hadi Agosti.

Hapo ndipo tofauti ilipoonekana. Kenya, Bara na Burkina Faso walikuja Gombani kupasha injini kwa ajili ya safari ya Februari, na safari ikaahirishwa. Hawakupoteza kitu, Agosti ikafika wakaenda. Zanzibar Heroes hawakuwa na safari nyingine ya kupashia injini. Kwao Gombani ndiyo ilikuwa safari yenyewe.

Mwenye nyumba anayetazama dirishani

Shabiki wa Bara huwa anauliza, mbona Wazanzibari wanashangilia kombe la mwaliko kama wamechukua AFCON? Jibu ni kwamba hawana AFCON ya kuchukua.

Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Kiti cha FIFA ni cha Tanzania, na kinakaliwa na TFF. Kwa CAF, Machi 2017 kule Addis Ababa Zanzibar ilipokelewa kuwa mwanachama wa 55. Watu wakasherehekea. Miezi minne tu baadaye, Julai, CAF ikafuta uamuzi ule, kwa hoja kwamba haiwezi kuwa na mashirikisho mawili kutoka nchi moja. Ndoto ikazimwa kabla Heroes hawajacheza hata mechi moja ya kufuzu.

Klabu za Zanzibar zinacheza Ligi ya Mabingwa Afrika na Kombe la Shirikisho kama kawaida. Bingwa wa Unguja au Pemba anaweza kupangwa na kigogo wa Misri na mechi ikachezwa. Ila timu ya taifa, yenye jezi, wimbo na mashabiki wake, haina mlango wa kuingilia.

Mlango uliobaki ni CECAFA. Huko Zanzibar si mnyonge. Mwaka 1995 ilichukua Kombe la Chalenji palepale Kampala kwa kuifunga Uganda bao 1-0 katika fainali. Desemba 2017, miezi mitano tu baada ya kile kipigo cha CAF, vijana wa kocha Hemed Suleiman 'Morocco' walikwenda Kenya, wakaipiga Bara 2-1, wakaitoa Uganda nusu fainali, na wakaibana Kenya 2-2 kwenye fainali pale Machakos kabla ya kupoteza kwa penalti. Timu iliyofutwa kwenye orodha ya Afrika ilikosa ubingwa wa ukanda kwa mikwaju tu.

Lakini Chalenji ya wakubwa imekuwa ya kusuasua. Mwaka upo, mwaka haupo. Mchezaji wa Zanzibar Heroes anaweza kumaliza miaka yake mizuri akiwa ameivaa jezi ile mara za kuhesabu kwa vidole.

Agosti 2025 picha ikawa wazi zaidi. CHAN ikaja kweli, na Uwanja wa Amaan ukapewa mechi. Pale pale Unguja dunia ikaiona Sudan ikiichakaza Nigeria 4-0. Uwanja wa Zanzibar, mashabiki wa Zanzibar, viti vya Zanzibar. Timu ya Zanzibar haikuwemo. Ni sawa na mwenye nyumba kuazimisha sebule kwa harusi halafu yeye akatazama dirishani.

Kwa haki, ni lazima isemwe pia kwamba Wazanzibari hawakukosa kabisa. Taifa Stars ni timu yao vilevile. Kocha aliyeiongoza kwenye CHAN ile alikuwa huyo huyo 'Morocco', na wachezaji wa visiwani wamekuwa wakiibeba Stars miaka nenda rudi. Nadir Haroub 'Cannavaro' alikuwa nahodha wa Stars na wa Heroes pia, na hakuna aliyemwona kagawanyika. Kwa hiyo hoja haina siasa za kuvunja wala kuunganisha. Hoja ni ya mpira. Timu ipo, ina mashabiki, inakosa mechi. Kombe la mwaliko linaipa mechi bila kumwomba ruhusa mtu wa Cairo wala Zurich.

Waasia walishajua siri hii

Wapo wanaoona mashindano ya mwaliko ni bonanza, kitu cha kupitisha wiki ya sikukuu. Hao watupe jicho Asia.

Malaya ilipopata uhuru Agosti 31, 1957, mwaka huohuo ilianzisha Kombe la Merdeka, yaani kombe la uhuru. Waziri Mkuu wake, Tunku Abdul Rahman, alikuwa pia kiongozi wa soka la nchi hiyo, na baadaye akawa rais wa shirikisho la Asia. Aliziita timu za taifa za jirani zije Kuala Lumpur kila mwaka. Ni jambo lilelile la Januari 12 ya Zanzibar, sikukuu ya nchi ikageuzwa kuwa mpira. Wakati ule mataifa mengi ya Asia hayakuwa na mechi za maana. Korea Kusini, ambayo leo Kombe la Dunia halipiti bila yeye, ilikuwa ikienda Merdeka kugombea ubingwa miaka mingi kabla ya kuanza kufuzu mfululizo kuanzia 1986.

Thailand nayo ikaanzisha Kombe la Mfalme mwaka 1968, na mpaka leo linachezwa. Cha kuiga kwa Zanzibar ni mahali wanapolichezea. Hawaling'ang'anizi Bangkok. Mwaka 2019 walilipeleka Buriram, 2022 na 2023 likachezwa Chiang Mai, 2024 likashuka Songkhla kusini kabisa. Shabiki wa mkoani naye anaona timu ya taifa kwa macho yake, si kwa kusimuliwa.

Kwenye lile la 2019 pale Buriram walialikwa Curaçao, kisiwa cha Karibiani. Wakachukua kombe kwa penalti mbele ya Vietnam. Wengi walicheka, wakauliza hawa ni akina nani. Novemba 2025 Curaçao ikafuzu Kombe la Dunia la 2026, nchi ndogo kuliko zote zilizowahi kufika huko.

Hakuna anayesema kombe la Thailand ndilo lililowafikisha. Curaçao wana wachezaji wengi waliozaliwa na kulelewa Uholanzi, na hilo ndilo lililowabeba. Lakini shabiki wa Zanzibar ana haki ya kukitazama kisiwa kile kwa jicho la husuda. Curaçao haina hata watu laki mbili. Pemba peke yake, kwa sensa ya 2022, ina zaidi ya laki tano. Na Curaçao si dola kamili, ni sehemu ya Ufalme wa Uholanzi, ila FIFA ina kiti chake. Kwa kanuni za leo Zanzibar haiwezi kupita njia ile, basi angalau isiuache mwaliko, maana mwaliko hauhitaji kiti.

Merdeka lina funzo jingine, na hili ni chungu. Kalenda ya mpira ilipobanana, kombe lile likapoteza makali. Likawa linachezwa, linaachwa. Baada ya 2013 likalala miaka kumi, likaamka 2023. Kombe kubwa namna ile lililala kwa kukosa tarehe yake. Kombe la Zanzibar la timu za taifa lina toleo moja tu, na tayari limeanza kusinzia.

Hoja za wanaopinga

Wanaotaka klabu zibaki nao wana hoja, na si za kupuuza.

Ya kwanza ni fedha. Simba na Yanga zikitua Zanzibar, jukwaa linajaa, televisheni inatazamwa, wadhamini wanatoa mfuko. Mwenye kibanda cha urojo na mwenye gari ya abiria wote wanapata. Burkina Faso haina mashabiki wanaovaa jezi zake Chake Chake. Ni kweli.

Ya pili ni ubora. Januari si dirisha la FIFA. Klabu za Ulaya haziachii wachezaji, hivyo timu za taifa zinakuja na vikosi vya wachezaji wa ndani. Ukimwalika mtu, anakuletea kikosi anachotaka yeye. Hilo nalo ni kweli.

Ya tatu ni AFCON. Mwaka 2026 Taifa Stars ilikuwa Morocco kwenye fainali za Afrika Januari hiyohiyo. Ungezialika timu za taifa gani wakati macho yote yako Rabat?

Majibu yapo. Kuhusu fedha, hakuna aliyesema klabu zifukuzwe. Zipokezane. Mwaka mmoja klabu, mwaka unaofuata timu za taifa. Mfuko wa mwaka wa Simba na Yanga usaidie mwaka wa Heroes. Familia nyingi zinaishi hivyo, mavuno ya msimu mmoja yanasukuma msimu mwingine.

Kuhusu ubora, kikosi cha wachezaji wa ndani si tusi. CHAN yenyewe ni ya wachezaji wa ndani na imejaza viwanja. Na Heroes wenyewe wengi wao wanacheza ligi za Zanzibar na Bara, kwa hiyo wanakutana na watu wa saizi yao. Fainali ile ya 2-1 haikupungua utamu kwa sababu hakukuwa na mtu kutoka Ligi Kuu ya England.

Kuhusu AFCON, ndiyo maana inatakiwa tarehe ipangwe mapema. AFCON 2027 inakuja Kenya, Tanzania na Uganda, na itachezwa katikati ya mwaka. Januari 2027 makocha wa wenyeji wote watatu watataka kuwaona wachezaji wao wa ndani mara ya mwisho mwisho kabla ya kufunga orodha. Hakuna wakati mzuri wa kuwatumia barua kuliko huo. Na barua itoke mapema, si Desemba watu wakiwa wamefunga mizigo.

Shumba inapata nini?

Hata likirudi, kombe halitakuwa limefanya kazi yake kama litaishia kwenye geti la Gombani.

Pemba si kisiwa cha watazamaji. Jamhuri ya Wete iliwahi kuwa bingwa wa Zanzibar, na Super Falcon nayo ikaja ikatwaa taji 2012. Kuna wakati Pemba na Unguja walikuwa na ligi zao mbalimbali, kisha wababe wanakutana. Leo wote wako kwenye ligi moja, na klabu ya Pemba inalipa nauli ya boti nusu ya msimu. Vipaji vinavyotoka Micheweni vinapitia tundu la sindano. Lazima mtoto aonekane Wete au Chake, kisha Unguja, kisha Dar. Asipoonekana hatua ya kwanza, anarudi kwenye mwani na uvuvi, na mpira unabaki wa jioni.

Kombe la mwaliko linaweza kufupisha njia hiyo, na gharama yake si ya kutisha.

Timu za taifa zikija kwa siku kumi zina siku za mapumziko. Pemba ina wilaya nne, Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Timu nne, wilaya nne. Kila mgeni apangiwe wilaya moja, siku moja, afanye mazoezi mepesi na watoto wa huko, na kocha wake akae saa moja na makocha wa mitaani. Kenya ikapelekwa Mkoani, Burkina Faso ikapelekwa Micheweni, kwenye kiwanja cha Shumba chenye mchanga na vumbi. Mchezaji wa timu ya taifa akigonga pasi na mtoto wa Shumba kwa dakika ishirini, mtoto yule hatahitaji tena hotuba ya mtu juu ya kujituma.

Kabla ya mechi kubwa, muda ule uwanja unapojaa taratibu, wacheze vijana wa chini ya miaka 17 wa wilaya hizo nne. Maskauti na makocha wa timu za taifa watakuwa wameshakaa. Hakuna haja ya kuwasafirisha watoto kwenda kutafuta macho, macho yamekuja yenyewe.

Na suala la gari lisionekane dogo. Mechi ikipigwa usiku, mtu wa Micheweni ama aondoke dakika ya 70 awahi usafiri, ama abaki na alale Chake. Waandaaji wakae na wenye magari wa Konde, Wete na Micheweni, gari zisubiri mpaka filimbi ya mwisho, nauli ijulikane mapema. Ikishindikana, mechi zipigwe saa 10 jioni. Shabiki aliyelipa kiingilio asikose bao la dakika ya 89 kwa sababu ya konda.

Tarehe kwanza

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imetumia fedha kuipa hadhi Gombani na Amaan. Hilo mashabiki wameliona na wanalishukuru. Lakini uwanja bila ratiba ni jukwaa la mikutano. Kinachotakiwa sasa hakigharimu zege. Ni tangazo moja kutoka kwa kamati ya mashindano na Shirikisho la Soka Zanzibar, kwamba Kombe la Mapinduzi la timu za taifa litachezwa kila baada ya mwaka mmoja, Pemba, kuanzia Januari 2027.

Wakishasema hivyo, mengine yatajipanga. Kenya itajua. Uganda itajua. Burkina Faso, ambao wana deni la fainali, watajua. Hata hao wa Asia wakialikwa siku moja watajua pa kuja. Visiwa vina ndugu wengi Oman, na kwa mpira wa mwaliko Muscat si mbali.

Na kule Shumba, vijana waliokata safari ile Januari 2025 watajua pia. Hawa waliiona timu yao ikibeba kombe mbele ya macho yao, wakarudi usiku wamebanana kwenye gari, sauti zimekauka. Wanachouliza tangu siku ile ni kitu kimoja tu: lini tena? Ni swali la kistaarabu kabisa, na lina mwaka mzima bila jibu.